Mpito wa urais na sera ya miundombinu nchini Kenya

Mpito wa urais na sera ya miundombinu nchini Kenya ni mada inayohusu jinsi makabidhiano ya madaraka kutoka kwa rais mmoja hadi mwingine yanavyogusa mipango ya serikali kuhusu barabara, reli, bandari na viwanja vya ndege, pamoja na juhudi za wafanyabiashara, makandarasi na wasafirishaji za kuishawishi serikali mpya. Mfano unaojulikana zaidi ni mpito wa mwaka 2022, ambapo William Ruto alichukua nafasi ya Uhuru Kenyatta na siku hiyohiyo ya kuapishwa akatangaza kwamba shughuli za kukagua na kutoa mizigo zingerudishwa katika Bandari ya Mombasa.

Kwa jumla, mipito ya urais nchini Kenya haijabadilisha sana miradi ambayo tayari imesainiwa na kuanza kujengwa, hasa ile inayogharamiwa kwa mikopo ya nje. Mabadiliko huonekana zaidi katika mambo ambayo rais na mawaziri wake wanaweza kuyaamua kwa haraka: mizigo ipite wapi, makandarasi walipwe lini, tozo iwe kiasi gani, na mikataba ipi ambayo haijaanza kutekelezwa ivunjwe. Kwa sababu hiyo vikundi vya ushawishi huelekeza nguvu zao katika mambo hayo.

## Msingi wa kisheria

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inaweka muda mfupi kati ya uchaguzi na kuapishwa. Kulingana na Kifungu cha 141, rais mteule huapishwa Jumanne ya kwanza baada ya siku ya 14 tangu matokeo kutangazwa, kama hakuna kesi iliyowasilishwa mahakamani. Kama kuna kesi na Mahakama ya Juu ikathibitisha ushindi, huapishwa Jumanne ya kwanza baada ya siku ya 7 tangu uamuzi kutolewa.

Katika kipindi hicho rais anayeondoka hubaki ofisini, lakini mamlaka yake hupunguzwa. Kifungu cha 134 kinamzuia kuteua majaji, mawaziri, mabalozi na maafisa wengine wa umma, kutoa msamaha kwa wafungwa, na kutoa nishani. Orodha hiyo inahusu zaidi uteuzi wa watu. Haitaji mikataba ya ujenzi wala malipo ya makandarasi.

Sheria ya Kuchukua Wadhifa wa Rais ya mwaka 2012 iliunda kamati ya maafisa wakuu wa serikali inayosimamia makabidhiano. Kazi zake ni pamoja na kuandaa sherehe ya kuapishwa, kuhakikisha usalama wa rais mteule na kumwezesha kupata taarifa kuhusu shughuli za serikali.

Mawaziri huteuliwa na rais mpya, kisha huhojiwa na Bunge la Taifa kabla ya kuapishwa. Mwaka 2022 hatua hizo zilichukua takriban wiki sita: Ruto aliapishwa tarehe 13 Septemba, na mawaziri wake wakaapishwa tarehe 27 Oktoba. Kwa hiyo maamuzi ya kwanza kuhusu miundombinu yalitolewa na rais mwenyewe, wakati mawaziri wa serikali iliyotangulia wangali ofisini.

Jambo lingine linalopunguza uhuru wa rais mpya ni deni. Kifungu cha 214 cha Katiba kinalifanya deni la umma kuwa dai la moja kwa moja juu ya Mfuko Mkuu wa fedha za serikali. Maana yake ni kwamba mkopo uliochukuliwa na rais mmoja hulipwa na yule anayemfuata, hata kama aliupinga mradi wenyewe wakati wa kampeni.

## Usuli

### Serikali ya Kibaki (2002–2013)

Chini ya Mwai Kibaki serikali iliongeza matumizi katika barabara na kubadilisha muundo wa taasisi zake. Sheria ya Barabara ya Kenya ya mwaka 2007 iliunda mamlaka tatu: KeNHA kwa barabara kuu za kitaifa, KURA kwa barabara za mijini na KeRRA kwa barabara za vijijini. Mwaka 2008 ilizinduliwa Ruwaza ya 2030, mpango wa muda mrefu uliokusudiwa kuendelea hata marais wakibadilika. Hutekelezwa kupitia mipango ya miaka mitano mitano, na kila serikali mpya huingiza vipaumbele vyake katika mpango wa kipindi chake.

Miradi miwili ya enzi hiyo ilivuka hadi kwa rais aliyefuata. Wa kwanza ni ushoroba wa LAPSSET, uliozinduliwa Lamu Machi 2012 kwa lengo la kuunganisha bandari mpya na Ethiopia na Sudan Kusini. Wa pili ni reli ya kisasa, inayojulikana kwa wengi kama SGR. Mwaka 2009 wizara iliyohusika na uchukuzi ilikubaliana na kampuni ya China Road and Bridge Corporation (CRBC) kwamba kampuni hiyo ifanye upembuzi yakinifu wa reli hiyo. Mwaka 2012, kabla ya Kibaki kuondoka, Shirika la Reli la Kenya lilisaini mkataba wa ujenzi na kampuni hiyohiyo.

### Serikali ya Kenyatta (2013–2022)

Uhuru Kenyatta aliurithi mkataba wa reli na kuufanya kuwa mradi mkuu wa serikali yake. Aliuzindua Novemba 2013, na mikataba ya mkopo na Benki ya Exim ya China ikasainiwa Mei 2014. Kamati za Bunge zilichunguza gharama na namna kampuni ilivyopatikana bila zabuni ya ushindani, lakini ujenzi uliendelea. Sehemu ya Mombasa hadi Nairobi iligharimu takriban shilingi bilioni 327, ambapo karibu asilimia 90 ilitoka kwenye mkopo. Treni za abiria zilizinduliwa tarehe 31 Mei 2017, na treni za mizigo zikaanza kazi Januari 2018. Sehemu ya pili, kutoka Nairobi hadi eneo la Naivasha, ilizinduliwa Oktoba 2019.

Reli hiyo ilikuja na vyanzo viwili vya fedha vinavyowagusa wafanyabiashara moja kwa moja. Mwaka 2013 ilianzishwa tozo ya maendeleo ya reli, inayotozwa kwa asilimia ya thamani ya bidhaa zinazoingizwa nchini. Aidha, mwaka 2014 Mamlaka ya Bandari ya Kenya (KPA) iliingia katika makubaliano na Shirika la Reli ya kuhakikisha kwamba reli inapata kiasi fulani cha mizigo. Kama mizigo isingefika kiwango hicho, bandari ingepaswa kufidia pengo. Makubaliano hayo ndiyo yaliyofanya njia ya kupitisha mizigo kuwa suala la deni la taifa.

## Njia za ushawishi

Kenya haina sheria maalumu inayowataka watu wanaoshawishi serikali kwa niaba ya kampuni au sekta fulani kujiandikisha na kutangaza fedha wanazotumia. Ushawishi hufanyika kupitia njia mbalimbali.

* Vyama vya sekta binafsi. Muungano wa Sekta Binafsi Kenya (KEPSA), ulioundwa mwaka 2003, hukutana na rais na mawaziri katika vikao rasmi. Chama cha Watengenezaji Bidhaa Kenya (KAM), kilichoanzishwa mwaka 1959, hutoa vipaumbele vyake kuhusu gharama za umeme, usafirishaji na ushuru.
* Vyama vya wasafirishaji na mawakala. Chama cha Wasafirishaji Kenya (KTA) huwakilisha wenye malori, na chama cha KIFWA huwakilisha mawakala wa forodha na wenye maghala. Baraza la Wasafirishaji Mizigo la Afrika Mashariki huwakilisha wenye bidhaa, ambao maslahi yao si sawa na ya wenye malori kila mara.
* Makandarasi. Vyama vya wajenzi wa barabara hushughulikia hasa malipo yaliyochelewa na nafasi ya kampuni za wenyeji katika miradi inayopewa kampuni za kigeni.
* Viongozi wa kaunti. Tangu mwaka 2013 magavana na maseneta hushindania mgao wa fedha za barabara na manufaa ya bandari.
* Bunge na mahakama. Kifungu cha 119 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kuwasilisha ombi bungeni, na Kifungu cha 10 kinautaja ushiriki wa wananchi miongoni mwa maadili ya utawala. Sera nyingi za miundombinu zimepingwa mahakamani kwa hoja kwamba wananchi hawakushirikishwa.

Kipindi cha kampeni kina umuhimu wa pekee. Vyama vya biashara huwasilisha madai yao kwa wagombea wote wakuu ili yaingie katika manifesto zao, kwa kuwa haijulikani nani atashinda. Sheria ya Kugharamia Kampeni za Uchaguzi ilipitishwa mwaka 2013, lakini kanuni za kuitekeleza hazikuwa zimeidhinishwa hadi uchaguzi wa 2022. Hivyo ni vigumu kwa umma kujua ni kampuni zipi zilizochangia wagombea gani.

## Mpito wa 2022 na Bandari ya Mombasa

### Amri za mizigo

Kabla ya SGR, mwenye mzigo uliofika Mombasa aliweza kuutoa bandarini au katika vituo vya makasha vilivyo mjini humo. Wakala wa forodha aliandaa hati, ushuru ukalipwa, mzigo ukakaguliwa, kisha lori likaubeba hadi Nairobi, Kampala au Kigali. Kazi hiyo iliwalisha mawakala, makarani, madereva, makuli, mafundi wa magari na wenye maghala. Iliwalisha pia wenye hoteli na maduka katika miji iliyo kando ya barabara kuu, kama vile Mariakani, Voi, Mtito Andei na Mlolongo.

Baada ya treni za mizigo kuanza, serikali ilianza kuelekeza makasha yanayokwenda bara yapelekwe kwa reli hadi bandari kavu ya Embakasi, Nairobi, na kukaguliwa huko. Mwaka 2019 KPA na Mamlaka ya Mapato (KRA) zilitoa tangazo lililofanya utaratibu huo kuwa wa lazima kwa mizigo yote ya Nairobi na maeneo ya bara. Mwaka 2020, wakati wa janga la UVIKO-19, mizigo ya nchi jirani nayo ilielekezwa katika bandari kavu ya Naivasha.

Serikali ilitoa hoja kwamba reli ingepunguza msongamano wa malori, ajali na uharibifu wa barabara, na kwamba bila mizigo ya kutosha mkopo usingeweza kulipwa. Wapinzani wa amri hizo walijibu kwamba mteja ndiye anayepaswa kuchagua njia yenye nafuu. Waliongeza kwamba mzigo ulioshushwa Embakasi bado ulihitaji lori la kuufikisha kwenye ghala la mwenyewe, jambo lililoongeza gharama.

### Upinzani wa Pwani

Mjini Mombasa amri hizo zilizua maandamano ya mara kwa mara mwaka 2019, yaliyowaunganisha wenye malori, wafanyakazi, wanaharakati wa haki za binadamu na wanasiasa. Serikali ilisitisha tangazo lake kwa muda, lakini mizigo mingi iliendelea kuelekezwa kwenye reli.

Suala hilo lilifikishwa mahakamani. Novemba 2020 Mahakama Kuu mjini Mombasa iliamua kwamba amri hizo zilikuwa kinyume cha Katiba. Miongoni mwa sababu zake ni kwamba wananchi na serikali ya kaunti hawakushirikishwa ipasavyo. Hata hivyo uamuzi huo haukurudisha mara moja hali ya awali, na suala la bandari likawa ajenda ya uchaguzi katika Pwani.

### Ahadi na tangazo la Septemba 2022

Ruto alikuwa Naibu Rais katika serikali iliyojenga SGR. Alipogombea urais mwaka 2022 alikuwa amefarakana na Kenyatta, ambaye alimuunga mkono Raila Odinga. Katika kampeni zake Pwani Ruto aliahidi kurudisha shughuli za bandari Mombasa.

Uchaguzi ulifanyika tarehe 9 Agosti, na tarehe 15 Agosti Ruto akatangazwa mshindi kwa asilimia 50.49 ya kura, dhidi ya 48.85 za Odinga. Mahakama ya Juu iliuthibitisha ushindi huo tarehe 5 Septemba. Siku ya kuapishwa kwake katika uwanja wa Kasarani, Nairobi, alisema angetoa maagizo mchana huohuo ili utoaji wa mizigo na shughuli zinazoambatana nao urudi Mombasa, na kwamba hatua hiyo ingerejesha maelfu ya nafasi za kazi.

Tangazo hilo linaonyesha jinsi mpito unavyoweza kubadilisha sera bila Bunge kutunga sheria mpya. Amri za awali zilitolewa na taasisi zilizo chini ya serikali kuu, hivyo ziliweza kuondolewa kwa njia hiyohiyo. Kwa wenye malori na mawakala wa Mombasa, jambo walilolidai kwa maandamano na kesi kwa miaka kadhaa lilipatikana siku ya kwanza ya urais mpya.

### Yasiyobadilika

Kuondolewa kwa lazima hakukuondoa reli wala deni lake. SGR iliendelea kubeba makasha ya wale walioichagua, na takwimu rasmi zilionyesha kwamba mizigo iliyobebwa na reli hiyo iliongezeka mwaka 2023. Bandari kavu za Embakasi na Naivasha ziliendelea kutumika.

Tozo ya maendeleo ya reli nayo iliendelea. Sheria ya Fedha ya mwaka 2023 iliishusha kutoka asilimia 2 hadi 1.5, lakini mwishoni mwa mwaka 2024 ikarudishwa kuwa asilimia 2. Mwagizaji wa bidhaa huilipa hata kama mzigo wake umesafirishwa kwa lori. Serikali ya Ruto pia ilitangaza nia ya kuendeleza reli kutoka Naivasha kupitia Kisumu hadi Malaba, kwenye mpaka wa Uganda. Hivyo mradi uliolaumiwa wakati wa kampeni ukawa sehemu ya mipango ya serikali mpya.

## Uwazi wa mikataba

Masharti ya mikopo ya SGR yalikuwa siri wakati wote wa utawala wa Kenyatta. Serikali ilieleza kwamba mikataba yenyewe ilikuwa na vifungu vya usiri. Mei 2022 Mahakama Kuu mjini Mombasa iliagiza mikataba hiyo itolewe kwa wanaharakati walioiomba. Novemba 2022, muda mfupi baada ya kuapishwa, Waziri wa Barabara na Uchukuzi Kipchumba Murkomen alichapisha nakala za mikataba ya mikopo. Wanaharakati waliokuwa wakiitafuta waliikaribisha hatua hiyo, ingawa walisema nyaraka nyingine za mradi bado hazikuwa zimetolewa.

Kuhusu uhalali wa zabuni, Mahakama ya Rufaa iliamua Juni 2020 kwamba Shirika la Reli lilikiuka Katiba na sheria ya ununuzi wa umma lilipompata mkandarasi. Juni 2023 Mahakama ya Juu ilitengua sehemu hiyo ya uamuzi, ikisema mradi uliotokana na makubaliano kati ya serikali mbili haukufungwa na masharti ya sheria ya ununuzi iliyotumika wakati huo. Wakati huo urais ulikuwa umebadilika mara mbili tangu makubaliano ya kwanza ya mwaka 2009.

## Barabara na malipo ya makandarasi

### Malimbikizo ya madeni

Miradi ya barabara hutangazwa kwa wingi miaka ya uchaguzi, wakati bajeti ya kila mwaka haitoshi kuilipia yote. Matokeo yake ni madai ya makandarasi ambayo rais anayeondoka humwachia mrithi wake. Mwaka 2023 serikali ya Ruto iliunda kamati ya kuhakiki madai ya malipo yaliyolimbikizwa kati ya Juni 2005 na Juni 2022, ikiongozwa na aliyekuwa Mkaguzi Mkuu wa hesabu za serikali, Edward Ouko.

Uhakiki wa aina hiyo una pande mbili. Kwa serikali mpya, ni njia ya kuchuja madai ya uongo au yaliyoongezwa. Kwa mkandarasi aliyefanya kazi kihalali, ni muda zaidi wa kusubiri huku benki ikidai riba na mitambo ikisimama. Kampuni ndogo za wenyeji huumia zaidi, kwa sababu hazina mtaji wa kuvumilia miaka bila malipo. Vyama vya makandarasi vilitumia kipindi hiki kuishinikiza Hazina ya Kitaifa ilipe, na barabara nyingi zilisimama nusu.

Suluhisho lililochaguliwa liliwagusa watumiaji wote wa barabara. Julai 2024 tozo ya matengenezo ya barabara, inayolipwa kwenye kila lita ya petroli na dizeli, ilipandishwa kutoka shilingi 18 hadi 25. Mwaka 2025 serikali ilitenga shilingi 7 za tozo hiyo kuwa dhamana ya kukopa takriban shilingi bilioni 175 za kuwalipa makandarasi. Malipo yalipoanza, makandarasi walianza kurudi kazini. Wakosoaji walieleza kwamba fedha zilizokusudiwa kutengeneza barabara zitatumika kwa miaka ijayo kulipia barabara zilizojengwa zamani. Magavana nao walidai mgao wa tozo hiyo kwa ajili ya barabara za kaunti, na mvutano wao na wabunge ukafika mahakamani.

### Barabara ya Mwendokasi ya Nairobi

Barabara ya Mwendokasi ya Nairobi, yenye urefu wa takriban kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, ilijengwa na CRBC kwa ubia na serikali. Ilifunguliwa kwa majaribio Mei 2022 na kuzinduliwa rasmi na Kenyatta tarehe 31 Julai 2022, siku tisa kabla ya uchaguzi. Kampuni inayoiendesha ina haki ya kukusanya ada kwa miaka 27. Serikali mpya haikugusa mkataba huo. Badala yake, kuanzia Januari 2024 ada zilipandishwa chini ya utaratibu uliotajwa katika mkataba, ikielezwa kwamba shilingi ilikuwa imepoteza thamani.

### Rironi–Mau Summit

Mradi wa kupanua barabara ya Rironi hadi Mau Summit uliishia tofauti. Barabara hiyo ni sehemu ya njia kuu ya kwenda magharibi mwa Kenya na Uganda, na inajulikana kwa misongamano na ajali. Mwaka 2020 serikali ya Kenyatta ilisaini mkataba wa ubia na kundi la kampuni za Ufaransa likiongozwa na Vinci, ambalo lingejenga na kukusanya ada kwa miaka 30. Ujenzi haukuwa umeanza urais ulipobadilika.

Serikali ya Ruto iliona kwamba masharti yake yangeuweka mzigo wa hasara juu ya serikali kama magari yangekuwa machache, na ada ingekuwa kubwa kwa wasafiri. Mkataba ulivunjwa kwa malipo ya fidia. Mwaka 2025 mradi ulipewa CRBC ikishirikiana na Hazina ya Kitaifa ya Hifadhi ya Jamii (NSSF), pamoja na kampuni nyingine ya China kwa sehemu ya pili. Ruto alizindua ujenzi Novemba 2025. Barabara ambayo ingeanza kupanuliwa baada ya mwaka 2020 ilichelewa kwa takriban miaka mitano, na wanachama wa NSSF, ambao ni wafanyakazi wa kawaida, wakawa wawekezaji katika barabara ya kulipia.

## Mapendekezo ya kampuni binafsi

Sheria ya Ubia kati ya Sekta ya Umma na Binafsi, iliyosainiwa na Kenyatta Desemba 2021, inaruhusu kampuni kuipelekea serikali pendekezo la mradi bila kusubiri tangazo la zabuni. Njia hii inazipa kampuni nafasi ya kuiendea serikali mpya mapema, wakati vipaumbele vyake bado vinapangwa.

Mfano uliozua mjadala mkubwa ni pendekezo la kampuni ya Adani ya India la kupanua na kuendesha Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Jomo Kenyatta kwa miaka 30. Umma ulilifahamu mwaka 2024, na tarehe 11 Septemba wafanyakazi wa uwanja huo wakagoma kwa kuhofia ajira zao. Oktoba mwaka huohuo kampuni ya serikali ya KETRACO ilisaini mkataba mwingine na kundi hilo wa kujenga njia za kusafirisha umeme. Tarehe 21 Novemba 2024, baada ya waendesha mashtaka wa Marekani kumshtaki mwenye kundi hilo, Gautam Adani, kwa tuhuma za hongo nchini India, Ruto alitangaza bungeni kufutwa kwa mipango yote miwili. Kampuni hiyo ilikanusha tuhuma hizo.

## Ulinganisho na Tanzania

Nchini Tanzania urais umebaki ndani ya chama kimoja, CCM, lakini mabadiliko ya rais yameathiri miradi mikubwa. Mwaka 2013, wakati wa Jakaya Kikwete, serikali iliingia makubaliano na kampuni ya China Merchants kuhusu bandari ya Bagamoyo, mradi ambao mfuko wa serikali ya Oman pia ulijiunga nao. John Magufuli, aliyeingia madarakani Novemba 2015, aliyakataa masharti yake na mwaka 2019 mradi ukasimama. Baada ya kifo chake tarehe 17 Machi 2021, Samia Suluhu Hassan aliapishwa siku mbili baadaye, na Juni mwaka huo akatangaza kwamba mazungumzo yangefufuliwa.

Upande mwingine, Samia aliendeleza reli ya kisasa na bwawa la umeme la Julius Nyerere, miradi ambayo ujenzi wake ulikuwa umeanza chini ya Magufuli. Kama Kenya, mradi uliokwisha kuanza kujengwa ulivuka mpito, na ule uliobaki kwenye karatasi ndio uliobadilika.

## Mijadala

Wapo wanaouona mpito wa urais kuwa nafasi ya uwajibikaji. Bila ushindani wa uchaguzi, wanasema, amri za mizigo za mwaka 2019 zisingeondolewa na mikataba ya SGR isingechapishwa. Wengine husisitiza gharama: mkataba unaovunjwa hulipiwa fidia, mwekezaji anayefuata hudai masharti makali zaidi kwa kuhofia uchaguzi ujao, na barabara inachelewa huku watu wakiendelea kufa katika ajali.

Hoja ya tatu inahusu nani husikilizwa. Vyama vyenye ofisi Nairobi na wanachama wengi vinaweza kufikisha madai yao kwa kila mgombea. Kuli wa bandarini, mama mwenye mgahawa Mtito Andei au mkulima ambaye ardhi yake imepitiwa na reli hawana chama cha namna hiyo. Katika suala la Bandari ya Mombasa maslahi yao yaliambatana na ya wenye malori na mawakala, na wakapata sauti. Katika masuala kama tozo ya mafuta, ambayo hulipwa na wengi kidogo kidogo, sauti yao imekuwa hafifu. Wanaotaka mageuzi wamependekeza sheria ya kusajili washawishi, utekelezaji wa sheria ya fedha za kampeni na uchapishaji wa mikataba yote ya miundombinu kabla ya kusainiwa. Sheria ya Mgongano wa Maslahi, iliyosainiwa Julai 2025, inawahusu maafisa wa umma, lakini haiweki daftari la washawishi.

## Tazama pia

* Katiba ya Kenya
* Bandari ya Mombasa
* Reli ya kisasa ya Kenya
* Uchaguzi mkuu wa Kenya, 2022
* Ruwaza ya 2030